Siku Nane Nilizozikataa

Hindi lenye njaa ya mbolea huanza kuwa njano chini, kwenye majani ya zamani. Hindi lenye ule ugonjwa huanza juu, moyoni mwa mmea, kwenye majani machanga: michirizi myembamba ya njano, halafu kingo za jani zinakauka kuelekea ndani, halafu mmea mzima unakauka kabla ya wakati wake na kuacha gunzi lenye punje za kuhesabu. Nimewaeleza wakulima tofauti hiyo mara nyingi mno, hata naweza kuieleza huku nikisinzia. Naanzia hapa kwa sababu katika habari hii yote ndicho kitu pekee ambacho sikukosea.

Nilikuwa bibi shamba. Nilikuwa nimefanya kazi Issenye na Busawe, upande wa Serengeti, ambako wakulima walikuwa na kesi nyingi na tembo kuliko na magonjwa, na ambako nilijifunza kuendesha pikipiki kwenye mchanga bila kuanguka mbele ya watu. Kisha nikahamishiwa kata moja ya Tarime, milimani, mwaka uleule rashi, yaani mbio za dhahabu, ilipofumuka. Mtu alipasua jiwe kwenye kilima walichokuwa wakichungia mbuzi, akaona dhahabu. Kabla ya wiki mbili kwisha, kilima kilikuwa na watu wengi kuliko mnada wa ng'ombe. Walikuja kutoka Sirari na ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zao. Wengine walitoka hata Ikoma, wakaacha kazi za kambi za watalii. Na vijana wa kata yangu, wote waliokuwa na mgongo wa kubeba jembe, walipanda kule juu na hawakurudi kupalilia.

Kwa hiyo nilipokelewa na mahindi yasiyo na wenyewe. Majani ya porini yalifika magotini katikati ya mistari, na ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Wadudu wanaoubeba ni wembamba kiasi kwamba lazima upukute jani juu ya karatasi nyeupe ndipo uwaone wakikimbia. Upepo ukivuma wanahama shamba. Ndiyo maana maelekezo yalikuwa mafupi: ng'oa mmea ulioumwa, choma au fukia, usipande mahindi tena pale msimu unaofuata, panda maharage, viazi vitamu au mihogo. Maelekezo mazuri kabisa, kama kuna mtu wa kuyasikia.

Mtu aliyeyasikia alikuwa bibi mmoja ambaye mji wake ulikuwa chini ya kilima hicho hicho. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Alizaa mabinti wanne, wote wameolewa, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya, mwanamke wa namna hiyo akiwa na ng'ombe anaweza kuoa mwanamke. Msichana anaingia mjini kama mke wa yule mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto atakaowazaa ni wa mji huo. Wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Bibi alioa kwa ng'ombe waliotoka kwa mabinti zake, na nilipowafahamu, yule mkamwana wake alikuwa binti wa umri wa kumaliza sekondari hivi, mwenye mtoto wa kike aliyekuwa akijifunza kutembea kwa kushika mkia wa mbwa.

Siku ya kwanza nilipowaamkia, bibi hakunizungusha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mimea? Basi nisikilize. Unamwona huyu?" Alimwonyesha mkamwana, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni na kujifanya hasikii. "Wenzake wote wako juu kule, wanaponda mawe. Jioni wanapita hapa na vitenge vipya. Huyu anawatazama, halafu analitazama shamba. Shamba likitoa chakula, atakaa. Likikataa, ataondoka na mtoto, na mimi nitabaki nazungumza na kuku."

Mkamwana alicheka kidogo, lakini hakubisha. Nikajua kwamba wameshalizungumza wao kwa wao, na kwamba bibi ananiambia mbele yake makusudi.

Nilimpenda yule bibi, niseme wazi. Nilipita pale kila wiki hata kama sikuwa na sababu. Alikuwa anapanda kwa mistari iliyonyooka, alipalilia mapema, na alinibishia kwa akili. Nilipomwambia atumie kamba yenye alama kupima nafasi ya mbegu, alinijibu kwamba miguu yake imeshapima shamba lile miaka yote na haijawahi kukatika. Mkamwana alimwiga nyuma ya mgongo wake, akitembea kwa hatua zilezile ndefu, na mimi nikashindwa kujizuia nikacheka.

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni nilipouona ugonjwa kwenye kona ya juu, ile inayopakana na shamba la jirani aliyekuwa rashi. Nikapukuta jani kwenye daftari. Wadudu wakakimbia juu ya mistari ya kuandikia. Nikatembea mstari kwa mstari, na hadi namaliza, nilikuwa nimekuta mimea mingi kuliko nilivyotegemea, mingine bado ikiwa na michirizi tu, mizuri kwa macho ya mtu asiyejua.

Mashamba ya jirani nayo nilikuwa nimeyapitia. Yalikuwa mabaya zaidi.

Nilimwita bibi nikamwonyesha. Alishika jani, akalinusa, akaligeuza upande wa pili.

"Yote?" akauliza.

"Yote ya juu, mpaka pale kwenye kichuguu. Ya chini tutayaangalia. Lakini lazima leo au kesho, bibi. Wadudu hawa hawangoji."

"Na haya ya majirani?"

"Nayo yang'olewe. Nitawaambia."

"Utawaambia wakiwa wapi?" Akatazama kilima. Halafu akasema neno ambalo nimelikumbuka kila msimu tangu siku hiyo. "Nipe siku nane. Ulezi ninao ghalani. Nitatengeneza pombe."

Inabidi nieleze. Kule, kazi kubwa kuliko mikono ya mji haiajiriwi, inaalikwa. Mwenye kazi anapika pombe ya ulezi, na siku ikifika watu wanakuja na majembe yao, wanafanya kazi mpaka jua likiwa kali, kisha wanakaa kuzunguka chungu na mirija yao mirefu. Hakuna anayelazimishwa kuja. Ila aliyealikwa akakosa, siku yake ikifika atapalilia peke yake, na hilo hakuna anayelitaka. Vijana waliokuwa wanamkwepa mwenyekiti wa kijiji, waliokuwa wanaizima simu wakiona namba yangu, wangeshuka kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, kwa ajili ya chungu cha bibi yule, kwa sababu wengi wao alikuwa ameshawalisha. Na hesabu yake ilikuwa hii: wakishang'oa kwake, wakiwa bado na majembe mkononi, wataingia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, kilima kizima kwa siku moja.

Mimi sikuisikia hesabu hiyo. Nilisikia neno pombe. Nilikuwa nimechoka na pombe: kila mkutano nilioitisha mwezi ule ulikuwa umekufa kwa sababu ya pombe au kwa sababu ya dhahabu. Na hasira zangu, Mungu anisamehe, hazikai mbali.

"Bibi," nikamwambia, "mimi nakuzungumzia ugonjwa, wewe unanizungumzia pombe? Siku nane ugonjwa utakuwa umefika mlangoni kwako. Ukitaka mimi niendelee kukusaidia, anza leo."

Mkamwana aliinua kichwa. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni. "Mwache atengeneze," aliniambia kwa upole. "Hapa mtu mmoja akianza peke yake, wengine wanakaa wanatazama."

"Wakiona mfano watafuata," nikasema. Nilikuwa na umri mdogo, na nilikuwa nimefundishwa hivyo darasani, kuhusu mkulima wa mfano.

Bibi akaenda ndani akatoka na jembe, na sina hakika mpaka leo kama alinitii kwa sababu aliniamini au kwa sababu nilimtishia. Nadhani nilimtishia.

Ilituchukua siku tatu, bibi, mkamwana na mimi. Ya chini nayo tuliyakuta yameumwa, tukaendelea. Mahindi mabichi hayawaki. Tulirundika nyasi kavu juu yake na yakafuka tu, moshi mzito wenye harufu ya ugali ulioungua. Nilitaka tuyafukie badala ya kuchoma, lakini shimo la kufukia shamba zima halichimbwi na wanawake watatu. Kijiji kilikuwa kimejaa watu wanaojua kuchimba, usiku na mchana wanashuka ardhini kwa kamba, na mimi nilikosa hata mmoja wa kunichimbia shimo moja. Nililisema hilo kwa sauti, nikidhani ni mzaha. Mkamwana hakucheka. Alikuwa anang'oa mmea mmoja mmoja, anaupasua moyo wake kwa kucha, anauangalia, anautupa.

Siku ya tatu, watu waliokuwa wanashuka kutoka kilimani walisimama njiani kutazama moshi. Nikawafuata nikiwa na masizi usoni. Nikawaeleza yote: jani, wadudu, karatasi nyeupe. Walinisikiliza kwa adabu.

"Sasa, madam," akasema mmoja aliyetokea ng'ambo, shemeji wa mtu pale, "hii yetu ilipandwa mapema, iko na gunzi tayari. Hata kama ni nusu, si ni chakula? Wewe unataka tuchome chakula?"

"Mura, twende," mwenzake akamwambia, na wakaondoka.

Hawakung'oa. Hakuna hata mmoja. Kila shamba lililomzunguka bibi lilibaki limesimama, njano, likipukutisha wadudu wake kwa upepo. Na wakati wa kuvuna ulipofika, kila mmoja wao alipata kitu. Hakikuwa kingi, magunzi yalikuwa yamepinda, mengine yana ukungu, niliwaomba wasiyale hayo. Lakini kila mji ulianika mahindi uani, hata kama ni mkeka mmoja. Mji wa bibi, mji pekee ulionisikia, haukuanika chochote. Maharage tuliyopanda kwenye majivu yalikuwa bado hata hayajatoa maua.

Nilipita pale asubuhi moja nikakuta mlango wa nyumba ya mkamwana umefungwa kwa kipande cha waya. Bibi alikuwa amekaa uani, mbwa yuko miguuni pake.

"Ameondoka jana," akasema. "Aliniaga vizuri. Alipika, akateka maji ya siku mbili, akaniaga."

Nikauliza kama wazee wa ukoo watamdai mtoto, kwa kuwa kwa mila mtoto alikuwa wa mji ule.

"Wameshakuja kunishauri hivyo," akajibu. "Nimewauliza, mtoto bila mama yake nitamnyonyesha nini? Wakaondoka." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ningependa kusema nilimwomba radhi siku ile. Sikumwomba. Nilimwambia maharage yanaonekana mazuri.

Mwezi mmoja baadaye nilipanda kilimani. Sikuwa na kazi huko. Pikipiki iliniongoza yenyewe, nilijidanganya hivyo. Nilimkuta mkamwana kwenye kundi la wanawake waliokaa juu ya viroba, kila mmoja na nyundo na chuma cha kupondea, wakivunja mawe kuwa kokoto na kokoto kuwa unga. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye kope. Mtoto alikuwa kando yake chini ya kipande cha turubai, naye ameshika kijiwe anapiga kingine, akimwiga mama yake kama mama yake alivyokuwa akimwiga bibi.

Nilichuchumaa. Nikamwambia bibi anamtaja kila siku, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikamwambia maharage yameanza kutoa maua.

"Bibi shamba," akasema, bila hasira hata kidogo, na ningependa angekuwa na hasira, "mimi yule bibi nampenda. Hajawahi kunipiga, hajawahi kuninyima. Lakini nirudi nile nini? Majivu?"

Akaendelea kuponda. Nilikaa pale mpaka nikaona ninamzuia kazi. Niliporudi, bibi alinisubiri njiani, kwa sababu habari za pikipiki yangu zilikuwa zimenitangulia.

"Umewaona?"

"Nimewaona. Wazima."

"Mtoto anatembea bila kushika?"

"Anatembea," nikasema. Sikuwa nimemwona akitembea. Alikuwa amekaa muda wote.

Msimu uliofuata bibi alifanya kila nilichomwambia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakupanda hindi hata moja. Shamba lake lilikuwa na viazi vitamu upande wa juu na maharage chini, kijani kitupu, katikati ya mahindi ya majirani yaliyoanza njano mapema kuliko mwaka wa kwanza. Safari hii ugonjwa haukusubiri magunzi. Na rashi nayo ilikuwa imepungua nguvu. Maduara mawili yalikuwa yameingia maji, na wengine walikuwa wanazungumzia kilima kingine. Watu walikuwa wameanza kusimama kwenye mashamba yao na kukuna vichwa.

Bibi alinitumia ujumbe kwamba nije. Nilipofika, aliniambia ameshaloweka ulezi.

"Bibi, wewe huna hata mmea mmoja wa kung'oa."

"Nani amekuambia sina? Shamba langu ni lile pale, na lile, na lile la yule mwenye pikipiki mbili. Ugonjwa wao unaishi kwao, lakini mwakani nikitaka kupanda hindi utakuja kulala kwangu. Nitaalika watu kwenye shamba langu." Kisha akanitazama kwa ile sauti yake ya chini, kama mtu anaweza kutazama kwa sauti. "Na wewe utangoja siku nane."

Nilingoja. Siku ya tisa, jua halijapata nguvu, walianza kuja. Walikuja na majembe na mapanga, wanaume waliokuwa hawajagusa shamba misimu miwili, mikono yao ina alama za kamba. Mwenye pikipiki mbili alikuja na pikipiki moja. Bibi aliwapanga kuanzia juu ya kilima kushuka chini, shamba kwa shamba, na hakuna aliyesema hili ni langu liacheni. Nani angesema? Kila mmoja alikuwa amekuja kwa mwito wa chungu cha bibi, na chungu kilikuwa kinaonekana pale uani, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Walichimba shimo la kufukia kabla sijamaliza kuwaeleza kina chake. Walinicheka, wakaniambia mashimo niwaachie wao.

Nilikuwa kwenye mstari wangu, ninang'oa, nilipoona mikono ya mtu wa mstari wa pili. Alikuwa anapasua moyo wa kila mmea kwa kucha, anauangalia, anautupa.

"Umekuja," nikasema.

"Nimeitwa," akajibu mkamwana.

Mtoto alikuwa ameachwa uani. Niliinuka mara mbili nikijifanya nanyoosha mgongo, nikamwona anatembea kutoka kwa bibi kwenda kwa mbwa na kurudi, bila kushika kitu. Moyo wangu ulijaa furaha, nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia wote wawili. Nilidhani yamekwisha.

Tulimaliza kabla ya saa nane. Kilima kizima kilikuwa wazi, udongo mwekundu, isipokuwa shamba la bibi katikati. Watu wakakaa kuzunguka chungu. Mkamwana alikunywa kidogo, akamsaidia bibi kuosha vibuyu, akafagia mbele ya ile nyumba iliyofungwa kwa waya lakini hakufungua mlango. Kisha akamfunga mtoto mgongoni. Bibi akamletea maharage kwenye kitambaa, mkamwana akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashika njia ya kilimani pamoja na wale aliokuja nao.

Nilimkimbilia bibi pale uani. "Bibi, mbona humzuii? Mwambie! Shamba limejibu, chakula kipo, ugonjwa umefukiwa!"

Alikuwa anatazama njia. Hakugeuka.

"Leo alialikwa," akasema. "Na aliyealikwa akimaliza kazi anakwenda kwao. Mwaka jana alikuwa bado ni wa hapa, alikuwa anasubiri tu kuona watu wakishuka kutusaidia." Akanishika mkono, na hakukuwa na ubaya wowote katika kunishika kwake. "Zilikuwa siku nane tu, mwanangu."